Gunia la Mama Mkwe

Maji kwenye glasi yaligeuka meusi, na hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Mle ghalani wanawake arobaini wakaitazama ile glasi kana kwamba imetukana.

Kama hukuwa nasi, usihangaike kumuuliza jirani. Nakupa yote kwa pumzi moja. Hawa ni wanawake wanaochanja migunga na kuokota gundi inayotoka kwenye gome, kipande kwa kipande, jua likiwachoma visogo. Miaka yote walimuuzia wakala mmoja, wanayemwita Kidole kwa sababu hapimi kitu bila kidole chake cha mwisho kulala juu ya mizani. Yeye hununua kilo kwa mia tatu. Msimu huu walimgomea. Walifungia gundi yao ghalani miezi mitano, wakala mihogo na maneno ya Kidole, mpaka wakapata kiwanda cha mjini kinachotengeneza peremende na dawa za maji, nacho kikakubali kutoa elfu moja na mia mbili. Mara nne, msomaji wangu. Kwa gundi ile ile, na vidole vile vile vilivyochomwa na miiba.

Asubuhi ya leo lori la kiwanda likaja. Likaja na mkaguzi, kijana mwembamba mwenye adabu, ameshika bambo, kile chuma chenye tundu kinachochomwa tumboni mwa gunia kuchota kilichojificha ndani. Kila gunia alilichoma. Kila alichochota alikiyeyusha kwenye maji na kudondoshea tone moja la dawa. Magunia thelathini yalipita, maji yakabaki na rangi yake. La thelathini na moja likatoa wino.

"Hii si gundi tuliyokubaliana," mkaguzi alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha. "Hii ni ya mgunga mwekundu."

"Labda dawa yako imeharibika," alisema Mwenyekiti. Huyu ni mama mnene aliyefundisha shule miaka ishirini, na bado humtazama kila mtu kama mwanafunzi aliyechelewa.

Mkaguzi hakubishana. Alirudia gunia la thelathini, akadondosha tone. Maji yakabaki safi. Akarudia la thelathini na moja. Maji yakawa meusi tena, meusi kuliko mwanzo.

"Mama, kiwandani tunamimina gundi yote kwenye pipa moja. Hii ikiingia, pipa zima linakwenda kumwagwa, na mimi nakwenda nyumbani."

"Basi tutoe hilo moja, mengine yaende."

"Nitajuaje kama ni moja? Bambo linachota ngumi moja tu katika kilo hamsini. Niambieni gunia hili ni la nani. Nikijua, nitatoa magunia yake yote na kuchukua ya wengine. Nisipojua, siwezi kuamini hata moja." Akatazama saa yake. "Dereva anataka kuondoka saa nane. Sasa ni saa saba na robo."

Magunia yale hayakuandikwa majina. Wenyewe walikubaliana hivyo mwanzo wa msimu, ili kiwanda kisije kuchagua ya huyu na kumwacha yule. Magunia sitini, yote ya katani, yote yameshonwa mdomo kwa uzi mmoja na mkono mmoja.

"Mshono ni wa mtu mmoja," ilisema sauti kutoka nyuma. Ilikuwa ya Redio, mwanamke ambaye hakupewa jina hilo kwa bahati mbaya. "Tumuulize mwenye mshono."

Shingo arobaini zikageuka kwa Sindano.

Sindano alikuwa amesimama karibu na mlango wa ghala, shazia yake ya kushonea magunia imechomekwa kifuani kwenye gauni. Kazi yake katika kikundi unaifahamu. Hakuna gunia lililoshonwa kabla hajazamisha mkono wake mpaka begani, akaibuka na konzi kutoka chini kabisa, akaivunja kwa meno, akaionja na kuitazama kwenye mwanga. Akiona gome, anakurudisha nyumbani. Akiona mchanga, anakurudisha nyumbani na maneno juu yake. Akishashona, basi, neno lake limo ndani ya gunia hilo. Mwenyekiti ndiye aliyemwambia mkaguzi asubuhi, kwa kujidai kabisa, kwamba gunia lenye mshono wa Sindano halina haja ya kupimwa.

Sindano hakuwa anaitazama glasi. Alikuwa anatazama pembe ya chini ya lile gunia, penye kiraka cha kitambaa cha buluu. Katika ghala lile, ukimwacha mwenyewe, ni yeye tu aliyejua kiraka kile ni cha nani.

Lilikuwa la mama mkwe wake.

Alilileta Jumanne iliyopita, amelibeba kwenye toroli, jasho linamtiririka. Sindano alikuwa ameshakunja mkono wa gauni, mkono uko hewani juu ya mdomo wa gunia. Mama mkwe akacheka. "Unataka kunipekua, mwanangu?" Basi, maneno matatu. Huyu ndiye aliyemfundisha kuchanja mgunga bila kuuumiza. Ndiye aliyemshika mkono katika uzazi wa mabinti wote wawili, na ndiye aliyelala naye kitanda kimoja mwaka ule alipougua mapafu. Utatia mkono kwenye gunia la mtu kama huyo mbele ya wenzake, kama unayemtafuta mwizi? Sindano aliona aibu, akacheka naye, akatunga uzi.

Magunia hamsini na saba aliyatia mkono. Matatu ya mama mkwe hakuyatia, hata moja. Heshima ilimwambia asiyatie, na sasa ile heshima ilikuwa imesimama mbele ya mkaguzi, nyeusi tii ndani ya glasi.

Akamtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kule ukutani, anachambua chenga za gundi kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinachambua mahali pale pale pasipo na kitu.

Nje, mtu alikohoa kikohozi cha kusudi. Kidole alikuwa amekaa kwenye ukingo wa pikapu yake tangu asubuhi, anakula karanga na kurusha maganda.

"Mimi sina dawa wala glasi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nachukua yote sitini, nyeupe na nyekundu. Mia tatu, mkononi. Ila baada ya saa nane itakuwa mia mbili na nusu, maana jua linanichosha."

Wanawake walitazamana. Miezi mitano ya kukaza mkanda ilikuwa inaning'inia kwenye jibu la mtu mmoja. Wapo waliouza mbuzi ili wasiuze gundi. Wapo waliokosana na waume zao. Redio mwenyewe alikuwa amekula uji wa chumvi tangu mwezi uliopita, na watu wote walijua kwa sababu aliwaambia.

"Sindano," Mwenyekiti alisema taratibu. "Gunia hili ni la nani?"

"Nakumbuka kulishona."

"Sikukuuliza kama unakumbuka."

"Acheni nifikiri."

"Unafikiri nini na mkono ulitia mwenyewe? Au hukutia?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Akisema hakutia, basi kazi yake ya miaka saba imekufa, na mkaguzi atauliza yapi mengine hayakutiwa mkono. Akisema alitia, basi aliijua gundi nyekundu na akaishona. Na akilitaja jina la mwenyewe, mama mkwe atatoka pale kama mwizi wa sokoni, katika umri ule, mbele ya watoto aliowakata vitovu.

Saa saba na nusu. Dereva wa lori aliwasha injini, akaipa mafuta kidogo, akaizima.

"Ni langu," Sindano alisema.

Ghala lilipata pumzi moja ndefu. Mama mkwe aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Sindano aliyaona macho yale, akayasoma kuwa ni shukrani. Kumbuka kosa hilo, maana litamgharimu.

"Lako?" Redio alisogea mbele mpaka pua zikakaribiana. "Wewe? Mimi ulinirudisha mara tatu na gunia kichwani kwa kipande cha gome kisichozidi ukucha. Mara tatu. Ukaniambia mimi ni mchafu tangu jikoni mpaka mtini. Kumbe mwenzetu unachuma nyekundu."

"Nilichanganya. Nilipungukiwa."

"Ulipungukiwa, ukataka tupungukiwe sote."

Hakuna aliyemtetea. Mtu aliyekuwa mkali kwa wenzake akianguka, huwa haanguki kwenye godoro. Kila mwanamke aliyewahi kurudishwa na gunia lake alipata cha kusema, na waliobaki walisonya.

Mkaguzi aliuliza magunia yake ni mangapi. Sindano alionyesha sita. Sita yake ya haki, gundi nyeupe ya vipande vizima, ya msimu mzima. Vijana wa lori waliyashusha moja moja kutoka kwenye rundo la yasiyopimwa, wakayatupa pembeni juu ya lile la kiraka. Kila gunia lilipotua lilitoa mlio mdogo wa vipande kuvunjika. Kilo mia tatu. Alikuwa ameshapiga hesabu ya mabati na ya ada ya mabinti, na hesabu ile ikamwishia pale pale chini.

Lakini balaa lilikuwa halijaisha. Mkaguzi alirudi kwenye bambo lake. Bado magunia ishirini na tatu hayakuwa yamepimwa, na kati ya hayo yalikuwamo mengine mawili ya mama mkwe.

Sindano aliyafahamu kwa mikunjo yake. La kwanza lilifikiwa saa nane kasorobo. Bambo likazama, gundi ikaanguka kwenye glasi, ikazungushwa kwa kijiti. Tone. Sindano alikuwa ameuma ulimi mpaka akaonja chumvi ya damu. Maji yakabaki safi. La pili lilikuwa la mwisho kabisa, na mkaguzi alipolichoma, dereva alikuwa ameshapanda kwenye usukani.

Tone. Maji yakatulia. Yakabaki safi.

"Pakieni," mkaguzi alisema.

Pale sasa ndipo ulipozuka ule mlio ambao ghala lile halijawahi kuusikia. Wanawake walikumbatiana, wakalia, wakamwinua mkaguzi mpaka miwani ikamtoka. Magunia hamsini na matatu yaliondoka kwa bei ya elfu moja na mia mbili. Miezi mitano ya njaa ilikuwa imelipa, na Kidole alikuwa ameshindwa mchana kweupe.

Mwenyekiti alimjia Sindano, akanyoosha mkono. Sindano alichomoa shazia kifuani, akamkabidhi.

"Ungeniambia mapema kwamba umepungukiwa," alisema Mwenyekiti, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Tungekuchangia."

Hilo lilimuuma kuliko matusi yote ya Redio.

Alipogeuka kumtafuta mama mkwe, kigoda kilikuwa kitupu. Ungo ulikuwa chini, chenga zimemwagika. Bibi alikuwa ameondoka bila kuaga, na Sindano akajiambia kwamba mtu mzima akiaibika hupenda kwenda kuaibika kwake.

Ghala likafungwa. Wakabaki watatu: yeye, magunia saba, na Kidole.

"Pole," Kidole alisema. Alikuwa ameshamaliza karanga. "Hayo sita nitakusaidia. Mia mbili."

"Ulisema mia mbili na nusu."

"Hiyo ilikuwa bei ya kikundi. Wewe huna kikundi."

"Bora nikayamwage mtoni."

"Utayamwaga na nani akubebee? Dada, mimi sina kinyongo. Sita nachukua kwa mia mbili. Lile la saba sikupi hata senti, maana hilo nalijua. Limetoka ghalani kwangu."

Sindano hakuelewa.

"Naona hukuambiwa," Kidole alisema, na usoni mwake ilipita furaha ambayo hakujisumbua kuificha. "Basi nikwambie mimi, maana sisi sasa ni watu wa nyumba moja. Mumeo si dereva wangu? Miezi saba hujamwona, ukadhani yuko safarini. Amekuwa kwangu. Anamuoa binti yangu. Mama mkwe wako alikuja kuniuliza mahari, nikamwambia fedha sitaki, nina fedha. Nataka gundi. Gundi nyeupe, kutoka kwa mtu wa kikundi, katika msimu wa kunigomea. Akanitolea gunia moja zima."

"Muongo."

"Gunia lina kiraka cha buluu pembeni. Nimlipe bibi wa watu kwa kumrudisha na gunia tupu? Nikamjazia nyekundu, nikamwambia apeleke ghalani kwenu, gundi ni gundi. Alinikubalia. Miaka yote nimemnunulia nyeupe na nyekundu kwa bei moja, yeye angejuaje kwamba huko kiwandani wana dawa ya kuzitenganisha?"

Hapo, msomaji, Sindano aliona jinsi mtego ulivyofumwa. Kidole hakuwa amekuja na pikapu kubahatisha. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi akisubiri gunia lake mwenyewe lifike kwenye bambo.

"Nitawaambia," alisema. "Nakwenda kwa Mwenyekiti sasa hivi."

"Nenda. Utamwambia nini? Umesema mbele ya watu arobaini kwamba gunia ni lako, na kwamba ulichanganya. Sasa urudi useme si lako, ni la mama mkwe, na hukutia mkono? Watakuamini lipi?" Akafungua mlango wa pikapu. "Mimi nilitegemea moja kati ya mawili: umtaje bibi, ningeumbuka, lori lingeondoka na mzigo, na wewe ungebaki na sindano yako. Au unyamaze, nichukue sitini zote. Hili la kulibeba mwenyewe sikulitegemea. Umenipa sita na umenifichia siri. Asante."

Akaondoka, vumbi likamfuata, magunia saba yakabaki pale nje ya ghala.

Sindano alikwenda nyumbani kwa miguu, na sijui kama aliiona njia. Nusu saa ya mwendo aliikata kwa robo. Kichwani alikuwa na tumaini moja dogo la kijinga, kwamba Kidole anasema uongo kama anavyopima uongo.

Tumaini likafia mlangoni. Kile chumba cha pembeni walichowekea majembe kilikuwa kimefagiliwa. Majembe yalikuwa nje, yameegemezwa ukutani. Ndani kulikuwa na godoro jipya, bado liko kwenye nailoni yake, na mama mkwe alikuwa amesimama juu ya ndoo anatundika pazia.

"Karibu," alisema bila kugeuka.

"Mama. Ni kweli?"

Mama mkwe alishuka kwenye ndoo polepole, mkono mmoja ukutani. Akakaa juu ya ile ndoo. Alionekana mdogo kuliko asubuhi.

"Nina mwana mmoja tu," alisema. "Akaniambia nisipomtolea mahari hatakanyaga hapa tena mpaka siku ya kunizika. Mwezi wa kwanza nikakataa. Wa pili nikakataa. Wa tatu akaacha kupokea simu."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Sindano alilitazama lile godoro.

"Basi."

"Na gundi nyekundu, mama? Ulijua unaleta nyekundu. Lori zima lingebaki. Wenzako wangekufa njaa."

"Nilidhani gunia moja kati ya sitini litapotea humo humo. Kidole tulimchanganyia miaka yote, alichanganya na yeye." Alikuwa anajifuta mikono kwenye gauni, tena na tena. "Sikujua habari za glasi. Haki ya Mungu sikujua."

"Lakini mimi ulijua ningetia mkono. Natia kila gunia. Ningeiona pale pale. Ulikuwa unakwenda kuniambia nini?"

Mama mkwe aliacha kujifuta mikono. Alipoinua macho, Sindano aliyatambua. Yalikuwa yale yale ya ghalani, na safari hii aliyasoma sawasawa. Hayakuwa ya shukrani hata kidogo. Yalikuwa macho ya mtu aliyejua mapema utafanya nini, na ukakifanya.

"Nilijua hutatia," mama mkwe alisema.

Sindano aliweka mkono kwenye fremu ya mlango. Alikuwa ametukanwa na watu arobaini, amenyang'anywa kazi, amepoteza msimu mzima, na vyote alivibeba wima. Neno hili moja lilimkunja. Miaka kumi na mmoja ya heshima, kumbe kuna mtu alikuwa anaihesabu kama udhaifu wa kufuli.

"Mimi sikukutuma ulibebe," mama mkwe aliongeza, kwa sauti ya chini. "Ungenitaja tu. Mimi nimeshazeeka, aibu yangu ingekuwa fupi. Yako ni ndefu."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanao."

"Alikuja mchana, tukiwa ghalani, nikamkuta hapa. Sasa amekwenda kumchukua bibi harusi. Watafika kabla jua halijatua." Akasita. "Alipita mitini kwanza. Amegawa."

Sindano alitoka mbio.

Shamba la migunga liko nyuma ya nyumba, sehemu mbili. Upande wa mtoni kuna miti arobaini yenye gundi nyeupe, iliyopandwa na marehemu baba mkwe, ikanyweshewa kwa ndoo na mkewe mpaka ikajitegemea. Upande wa mlimani imejiotea myekundu, miti thelathini hivi, yenye gundi ya kuuzwa kwa Kidole au kutouzwa kabisa. Sindano ndiye aliyeipogoa ile arobaini. Ndiye aliyelala nayo mwaka wa nzige. Kila mti alikuwa akiuchanja sehemu mbili tu, kisha anaupumzisha, wakati majirani waliikata yao sehemu sita na kuizika msimu uliofuata.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Miti yote ya mtoni ilikuwa na msalaba mweupe kifuani. Ya mlimani haikuguswa.

Hakuhitaji kuelezwa. Mweupe ni wa bibi harusi. Yeye ameachiwa mlima.

Na huyo bibi harusi ni mtoto wa nani? Hapo ndipo alipoiona biashara nzima, kuanzia juu mpaka chini. Kidole hakuwa ametafuta mkwe. Alikuwa amegomewa gundi, akaamua kununua miti, na akaipata kwa gunia moja la nyekundu, na bado akalipwa la nyeupe juu yake. Mwakani kikundi kikipeleka gundi kiwandani, miti arobaini bora kuliko yote itakuwa inamlisha yeye. Ataikata sehemu sita. Ataikata nane. Ikifa, atatafuta mchumba kwa mwingine.

Sindano alirudi uani. Shoka lake dogo la kuchanjia lilikuwa pamoja na majembe yale yaliyotolewa chumbani. Alilichukua. Mama mkwe alikuwa mlangoni, akamwona, akageuka, akaingia ndani.

Alianza na mti wa kwanza kando ya maji, ule mkubwa. Chale ya gundi ni fupi, urefu wa kiganja, na haizunguki. Kila anayechanja anafundishwa hilo siku ya kwanza, kwamba ukilizungusha gome mpaka mwisho ukutane na mwanzo, mti hautakufa leo wala kesho, lakini umekwisha. Hata wenyewe hautajua mpaka majani yatakapoanza kuanguka.

Alipiga. Gome likafunguka, jeupe ndani. Akapiga pembeni yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Alifika robo ya mzunguko. Akafika nusu. Kwa mbali, barabarani, ilisikika injini ya gari linalobadilisha gia kupanda kilima, na aliifahamu injini ile; ndiyo iliyomletea mumewe miaka yote.

Nyuma yake majani makavu yalivunjika chini ya miguu ya mtu.

Aligeuka. Mama mkwe alikuwa hatua tatu kutoka kwake, amefunga nguo kiunoni kama mtu anayekwenda shamba, anahema kwa mbio. Mikononi alikuwa ameshika shoka kubwa la marehemu mumewe, lile ambalo halijatoka chini ya kitanda tangu siku ya mazishi.

"Sogea," mama mkwe alisema, macho yake kwenye mti, na akaliinua.